KOMPYUTA YA MZEE: TUINUNUE KWA KIPIMO CHA KAZI YAKE

Ndugu Mhariri, na ndugu wafanya kazi wote,

Naomba nafasi katika gazeti letu niseme jambo ambalo wengine wataliona dogo, lakini katika nyumba zetu linakula fedha nyingi na kuleta huzuni. Jambo lenyewe ni kompyuta za kuwanunulia wazee wetu. Siku hizi karibu kila mwezi mwenzetu mmoja hapa Kisumu huniuliza, "Ndugu, Baba yangu anataka kompyuta ya mezani, ya bei nafuu, ya kazi ndogo ndogo tu. Ninunue ipi?" Hawaniulizi kwa kuwa mimi ni fundi. Mimi ni mtu wa njia ya reli, kazi yangu ni mataruma na misumari, na shule yangu ilikuwa ya msingi tu, ya misheni. Wananiuliza kwa sababu wanajua kwamba nilikosea, fedha zangu zikapotea, kisha nikajifunza. Basi nitaeleza kosa langu wazi, ili hasara ile iwafundishe na wengine.

Baba yangu naye alikuwa mtu wa reli. Aliingia kazini mwaka 1979, mwaka mmoja baada ya shirika la Kenya Railways kuundwa, akatoka mwaka 2006, mwaka ule ule reli zilipokabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways. Sasa yuko nyumbani upande wa Kendu Bay. Umri wake umepita miaka sabini, ana ng'ombe watatu, na macho yake yamepungua. Lakini akili yake ni ile ile ya karani aliyejaza kitabu cha stesheni miaka mingi bila kufuta neno.

Zamani mzee wa namna hii shughuli zake zote zilikuwa za barua na bahasha. Leo mambo yake karibu yote yameingia katika kompyuta. Serikali ilifungua eCitizen mwaka 2014, na huko ndiko tunakoomba vyeti na vitambulisho vingi. Taarifa ya kodi ya mwaka hupelekwa KRA kwa njia ya iTax kabla ya tarehe 30 Juni. Bima ya afya ya NHIF iliondoka, na tangu 1 Oktoba 2024 tuko chini ya SHA, nako pia mtu huandikishwa kwa simu au kwa kompyuta. Mambo ya pensheni ni hayo hayo. Mzee asiyeweza kufungua ukurasa wake mwenyewe hana budi kumwomba mtu mwingine amfungulie, na hapo ndipo taabu inapoanza.

Baba alikuwa akienda katika duka moja la saiba. Sitalitaja jina, maana sikuja hapa kugombana. Mwaka 2023 alimpa kijana wa duka lile Sh. 200/- ampelekee taarifa yake ya kodi. Kijana akabonyeza bonyeza, akasema, "Tayari, Mzee, nenda nyumbani." Baba hakuwa na njia ya kuhakikisha. Baadaye ikaonekana kwamba taarifa haikufika, na Baba akaandikiwa faini ya Sh. 2,000/-. Nilipokwenda kuuliza, niliona jambo lililonitisha kuliko faini. Neno la siri la Baba lilikuwa limeandikwa katika daftari la duka, pamoja na nambari ya kitambulisho chake, na chini yake majina ya wazee wengine wengi. Daftari lilikuwa wazi juu ya meza, na kila aliyepita aliweza kulisoma.

Ndugu zangu, mtu aliyeshika funguo za ghala la stesheni kwa miaka 27 bila kupotea hata kifungu kimoja cha mzigo, katika uzee wake funguo za mambo yake mwenyewe zimelala mezani kwa watu. Nilirudi nyumbani nimeudhika, nikaamua kwamba lazima Baba apate mashine yake.

SASA KOSA LANGU

Nilikwenda dukani na hasira badala ya kipimo. Nilikopa katika chama chetu cha akiba na mikopo, nikaingia duka moja mjini, nikasema, "Nataka kompyuta nzuri ya mezani." Muuzaji akanitazama, akajua amepata samaki. Akanionyesha sanduku kubwa jeusi lenye taa za bluu na nyekundu mbele. Akasema, "Hii ni i7, Bwana. Hakuna kuzidi i7." Nikaona aibu kuuliza zaidi. Nikalipa Sh. 27,000/-, nikaibeba hadi Kendu Bay kama mtu aliyebeba bibi harusi.

Mashine ile ilichukua dakika nne kuwaka. Baba alikuwa akibonyeza, anangoja, anadhani hajabonyeza, anabonyeza tena, mambo yanachanganyika. Skrini yake ilikuwa ndogo na maandishi yake kama mchanga. Baada ya miezi miwili aliifunika kitambaa, akarudi kule kule kwenye duka la saiba. Nilipompeleka kijana fundi aitazame, akanionyesha kwamba i7 ile ilikuwa ya kizazi cha pili, yaani ya mwaka 2011, na diski yake ni ya zamani ya kuzunguka. Nikarudi dukani. Muuzaji akanionyesha maandishi madogo kwenye risiti: mali ikiuzwa hairudishwi. Nikaiuza kwa Sh. 13,000/-. Hasara yangu ilikuwa Sh. 14,000/-, na mkopo ukaendelea kukatwa katika mshahara kila mwezi.

Kosa lilikuwa nini? Kosa halikuwa kununua mashine ya rahisi, wala halikuwa kununua ya ghali. Nilikosea kununua bila kuuliza kazi ya mashine ni ipi. Sisi watu wa reli twajua jambo hili vizuri. Injini ya SGR ina nguvu kubwa, lakini magurudumu yake yamepimwa kwa njia ya milimita 1,435, na njia yetu ya kuja Kisumu ni ya milimita 1,000. Ukiileta hapa haitembei hata hatua moja, nguvu zake zote ni bure. Na mashine ya mzee hupimwa kwa njia yake: macho yake, vidole vyake, stima ya nyumbani kwake, na kazi anayotaka kuifanya.

KAZI YA MZEE NI IPI?

Mara ya pili nilianza kwa Baba kabla ya kwenda dukani. Nilikaa naye chini ya mwembe na karatasi, nikamwuliza, "Baba, unataka kufanya nini na kompyuta?" Akanitajia mambo sita. Kufungua mambo ya serikali na ya pensheni. Kusoma magazeti. Kusoma na kuandika barua. Kuandika hesabu na kumbukumbu za kamati ya kanisa na za kamati za mazishi. Kumwona dada yangu aliye Doha wakizungumza. Kutazama picha za wajukuu. Basi. Hakutaja michezo, wala kutengeneza filamu, wala taa za bluu.

Watu husema, "Kwa nini asitumie simu?" Simu anayo, na kwa mambo mengi yatosha. Lakini jaribu kujaza fomu ya kurasa tatu kwenye simu, ukiwa na miaka sabini na kidole kilichokomaa kwa jembe. Wengine husema, "Mnunulie kompyuta ya kupakata." Hiyo ina faida moja kubwa, kwamba stima ikipotea inaendelea na betri yake. Lakini kwa fedha zile zile utapata ya kupakata iliyotumika, betri yake imechoka, skrini ndogo, na kibodi ambayo kitufe kimoja kikivunjika ni gharama. Ya mezani kila kiungo chake hubadilishwa peke yake. Kibodi ikifa, wanunua kibodi. Skrini ikifa, mashine ni nzima. Tena haichukuliwi mfukoni na mgeni, na watoto hawatoki nayo.

Kwa nyumba isiyo na stima, nasema wazi: usinunue ya mezani. Mzee wa huko tutamtafutia njia nyingine, nami nitaieleza mwishoni.

MAMBO YA KUTAZAMA DUKANI

Mashine zinazotufaa sisi ni zile zilizotumika katika maofisi ya Ulaya kisha zikaletwa huku, watu huziita ex-UK. Nyingi ni za HP, Dell na Lenovo. Zilitengenezwa kwa kazi ya ofisi, kila siku kutwa nzima, na ofisi huzibadilisha hata kama bado ni nzima. Chagua zile za sanduku dogo. Zinakula stima kidogo na hazijazi meza.

Kwanza, tazama kizazi. Usidanganywe na i3, i5 au i7 peke yake. Soma nambari inayofuata. Ikiwa imeandikwa i5-4570, tarakimu ya kwanza ni 4, basi ni kizazi cha 4. Ikiwa i5-6500, ni cha 6. Ikiwa i5-8500, ni cha 8. Kwa kazi ya mzee, i3 ya kizazi cha 8 inaishinda i7 ya kizazi cha 2 niliyouziwa mimi.

Kizazi hiki kina maana nyingine. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kuitunza Windows 10 kwa njia ya kawaida, yaani matundu ya wezi hayazibwi tena ila kwa mpango wa ziada. Windows 11 yenyewe, kwa sheria ya Microsoft, upande wa Intel yataka kizazi cha 8 kwenda juu, nacho kilianza kutoka mwaka 2017. Wako wauzaji wanaoilazimisha Windows 11 katika mashine ya kizazi cha 4. Yawaka, lakini hakuna ahadi kwamba itaendelea kutunzwa. Mtu atakayeandika mambo yake ya pensheni katika mashine hiyo ajue hilo.

Pili, tazama diski. Ya zamani ina sahani inayozunguka na sindano inayosoma, kama gramafoni. Mpya, ambayo mafundi huiita SSD, haina kitu kinachozunguka. Hili ndilo jambo moja litakalomfanya mzee aipende mashine au aifunike kitambaa. SSD ya GB 256 yamtosha kabisa, na hata ya GB 128 itamfaa asiye na picha nyingi. Usinunue mashine isiyo nayo, hata ukipewa diski ya kuzunguka yenye nafasi mara nne.

Tatu, kumbukumbu ya kazi, yaani RAM. GB 8 yatosha. GB 4 itamchosha akifungua kurasa nyingi. GB 16 ni fedha za bure kwa kazi hii.

Usikubali kuambiwa tu. Mwambie muuzaji awashe mashine mbele yako. Kisha bonyeza vitufe vitatu pamoja: Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha; chagua sehemu iliyoandikwa Performance. Hapo utaona jina la prosesa na nambari yake, utaona RAM ni kiasi gani, na diski imeandikwa SSD au HDD. Kazi hii ni ya dakika mbili. Mimi kama ningaliijua siku ile, ningalibaki na Sh. 14,000/- zangu.

Nne, skrini. Hapa usibane fedha. Kwa mzee skrini ni muhimu kuliko prosesa. Chukua ya inchi 22 ukiweza, na usishuke chini ya 19. Tena mfundishe kwamba akishika Ctrl na kubonyeza alama ya kujumlisha, maandishi ya ukurasa hukua. Baba alipoona jambo hilo mara ya kwanza alicheka peke yake kama mtoto.

Tano, vitu vinavyofichwa. Mashine nyingi za ofisi hazina kamera, hazina kipaza sauti, na hazina Wi-Fi. Muuzaji hatakuambia, utagundua umefika nyumbani. Kwa Wi-Fi, waweza kuunganisha simu kwa waya wake wa kuchaji, ukawasha njia ya kugawa intaneti, mashine ikapata mtandao bila kununua kitu kingine. Lakini angalia: Windows hujipakulia mambo makubwa kimya kimya na kula bando lote. Ingia katika mipangilio ya mtandao, uiambie kwamba mtandao huu unapimwa, chaguo lao huitwa Metered connection.

HESABU YENYEWE

Nitatoa hesabu yangu, na bei zako zaweza kuwa nyingine. Mashine ndogo ya i5-8500, RAM GB 8 na SSD GB 256, nililipa Sh. 19,500/-. Skrini ya inchi 22 iliyotumika, Sh. 6,000/-. Kibodi na kipanya, Sh. 1,200/-. Kamera yenye kipaza sauti, Sh. 2,000/-. Kifaa cha akiba ya stima, kile cha UPS cha VA 650, Sh. 5,500/-. Jumla Sh. 34,200/-.

Najua fedha hizi ni nyingi kwa mfanya kazi. Iko njia ya pili. Mwenzetu mmoja wa karakana alinunua mashine ya i5-4570 yenye RAM GB 8 na SSD GB 128, pamoja na skrini ya inchi 19, yote kwa Sh. 13,500/-. Kwa kuwa Windows 11 haiifai, fundi alimwekea Linux Mint, ambayo hailipiwi hata senti moja, na yaendelea kutunzwa. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na kijana wa Ufini, Linus Torvalds, na leo inaendesha mashine nyingi kubwa za dunia. Kwa mzee ambaye hajazoea Windows, hana cha kusahau. Anabonyeza alama ya mtandao, anaingia eCitizen kama watu wengine. Barua ataandika kwa LibreOffice, nayo hailipiwi. Mama wa mwenzetu huyo ni mwalimu aliyestaafu, naye anaandika barua zake zote humo. Basi mwenye fedha kidogo asione haya. Njia hii ni ya halali, na ni bora kuliko Windows ya wizi.

Juu ya gharama ya stima, watu huogopa bure. Mashine ndogo na skrini yake, tuseme wati 60. Akitumia saa tatu kila siku, kwa siku 30 ni uniti 5.4. Tazama risiti yako ya tokeni, zidisha, utaona.

RADI NA VIDUDU

Sisi wa kando ya ziwa tuna adui wawili ambao muuzaji wa Nairobi hawajui. Wa kwanza ni radi. Mvua yetu huja jioni na ngurumo zake, stima inaruka, inarudi kwa kishindo. UPS itampa mzee dakika za kuhifadhi barua yake na kuzima kwa utaratibu, lakini haishindani na radi. Mfundishe Mzee: ukisikia ngurumo, zima, kisha ng'oa plagi ukutani. Wa pili ni vidudu vya ziwani, vile vinavyotanda juu ya maji kama moshi na kufuata taa usiku. Huingia kwa feni ya mashine vikafia humo pamoja na vumbi, mpaka mashine inapata joto na kuzimika. Basi iwekwe mbali na dirisha, ifunikwe ikiwa haitumiki, na kila baada ya miezi mitatu ifunguliwe na kupanguswa kwa brashi laini, plagi ikiwa imeng'olewa.

KUNUNUA NI NUSU YA KAZI

Sasa nasema neno ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mashine ikiwa nzuri, na sisi vijana tukimwekea mzee neno la siri tunalolijua sisi tu, tumemtoa mikononi mwa duka la saiba tukamtia mikononi mwetu. Bado funguo si zake. Nimeona nyumba ambayo kijana ndiye aliyeshika simu, neno la siri na pensheni ya baba yake, na mzee anaomba fedha zake mwenyewe kama mtoto anayeomba peremende.

Mimi nilichukua likizo ya siku nne nikakaa Kendu Bay. Siku ya kwanza tulifundishana kipanya tu. Siku ya pili, kuwasha, kuzima, na kukuza maandishi. Siku ya tatu Baba mwenyewe alibadilisha maneno yake yote ya siri. Mimi nilitoka nje nikaenda kutazama ng'ombe. Aliyaandika katika kijitabu chake, akakifungia katika sanduku la bati pamoja na hati ya shamba. Wataalamu watasema kuandika si vizuri. Nami nasema, kijitabu ndani ya sanduku la mzee ni salama kuliko daftari juu ya meza ya watu. Tena wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ya nne aliingia mwenyewe katika iTax, akaona kwa macho yake iliyopelekwa na isiyopelekwa. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia, "Ero kamano, wuoda." Mimi sikumbuki lini alinishukuru hivyo.

Sikosi kusema kwamba husahau. Hunipigia simu, "Ile alama imekwenda wapi?" Nami namweleza, bila kumkaripia. Yeye alinifundisha kufunga kamba za viatu, na hakunihesabia mara ngapi.

TUFANYE NINI SISI WANACHAMA?

Kuna wenzetu watasema Chama si duka, kazi yake ni mishahara na saa za kazi. Nawaheshimu. Lakini shilingi 14,000 nilizopoteza ni za mshahara ule ule tunaougombania mwaka mzima. Tukikaa mezani na mwajiri tunakwenda pamoja, tena na karatasi. Tukienda dukani kila mtu huenda peke yake, mikono mitupu, na hasira. Kidole kimoja hakivunji chawa. Basi naleta mashauri matatu mbele ya tawi letu.

La kwanza, tuchague kamati ya watu watatu ya ununuzi. Wanachama kumi wanaotaka mashine za wazazi wao wakusanye majina, na kamati ipeleke kumi hizo kwa wauzaji watatu, waseme bei zao kwa maandishi. Muuzaji anayeuza kumi kwa siku moja atapunguza bei, naye ataandika dhamana ya miezi sita. Asiyetaka kuandika dhamana tumwache. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, yampa kila mnunuzi haki ya kupata mali ya ubora unaofaa na habari za kutosha juu yake. Haki hiyo mtu mmoja huona shida kuidai, lakini watu kumi huidai kwa urahisi.

La pili, ofisi ya tawi iwe na kompyuta moja ya namna hii, na kila Jumamosi asubuhi iwe ya wastaafu. Mzee asiye na stima nyumbani, au asiye na mtoto wa kumnunulia, aje hapa afungue mambo yake mwenyewe, na kijana mwanachama akae kando yake, si mbele yake. Hakuna daftari la maneno ya siri ya watu. Hilo liwe sheria.

La tatu, vijana wetu waliosoma kompyuta wajitolee zamu. Wazee hawa ndio waliolipa michango ya Chama tulipokuwa bado shuleni. Si sadaka tunayowapa, ni deni tunalolipa.

Najua tawi lina haja nyingi, na fedha ni chache. Lakini mashauri mawili kati ya haya matatu hayana gharama ila muda wetu. Walio na nia wampelekee Katibu majina yao kabla ya mkutano ujao wa tawi, waandike na kazi sita, au tano, au tatu, ambazo mzazi wao anataka kuzifanya. Asiyejua kazi hizo asiandike kwanza. Aende nyumbani akae chini ya mwembe, amwulize.

Wasalaam,

Mimi ni mwenzenu,
Mfanya kazi wa njia ya reli, Kisumu.